Abiria Ambaye Jina Lake Halikuandikwa

Kisu kilisimama hewani.

Mwenye bucha alikuwa amekiinua akate ubavu wa mbuzi. Sasa alikisahau huko juu, macho yamemgandia mwanamke aliyesimama mbele ya meza yake. Mwanamke huyo hakuja kula nyama. Mkononi alishika kijitabu cha mazishi, kile chenye picha ya marehemu kwenye jalada. Na marehemu wa kwenye jalada ndiye aliyeshika kisu.

Ndiyo, msomaji wangu. Pale tulipoachana Jumamosi iliyopita ndipo tulipo: Kikopey, kwenye bucha za kando ya barabara, saa saba mchana, moshi wa makaa unawasha macho, na Nekoye yuko uso kwa uso na Kahiga, fundi wa ndege aliyezikwa Mau Narok miaka miwili iliyopita.

"Kahiga," alisema Nekoye.

"Umenifananisha, mathe. Mimi naitwa Mbugua. Nikupimie kilo ngapi?"

"Sitaki nyama. Nataka kujua mume wangu yuko wapi."

Wateja wawili waliokuwa wakitafuna kwenye benchi waliacha kutafuna. Nekoye alifungua kijitabu, akakigeuza ili yule mtu ajione: picha ya harusi, picha ya kiwanja cha ndege, picha akiwa amembeba mtoto. Kwa kila picha kulikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto. Kovu lile lile lilikuwa hapa, limeloa jasho.

"Nisome?" aliuliza. "Hapa wameandika jinsi ulivyokufa."

Kahiga aliwatazama wateja wake. Akatazama barabara.

"Kuja huku nyuma," alisema kwa sauti ya chini.

Nyuma ya bucha kulikuwa na ngozi za mbuzi zimeanikwa kwa waya, na pipa la maji. Kahiga alifunga mlango wa mabati. Nekoye alisikia komeo likiingia, na hapo ndipo akili ilipomrudia. Kisu bado kilikuwa mkononi mwa yule mtu.

"Nani mwingine anajua?"

"Wakili wangu. Ako kwa gari hapo barabarani. Nisipotoka kwa dakika kumi, anaita polisi."

Kuhusu polisi, alidanganya. Wakili Chelimo alikuwa kwenye gari kweli, lakini alikuwa akiongea na simu, na hakuwa ameona Nekoye ameingia bucha gani.

Kahiga alikitumbukiza kisu ndani ya pipa. Kisha akaketi juu ya kreti ya soda kama mtu aliyebeba mzigo tangu alfajiri.

"Wewe ni mke wa yule fundi wa pampu," alisema.

"Unamkumbuka?"

"Kila siku namwona."

Tukumbushane kidogo, kwa wale ambao gazeti liliwapita. Nekoye ni mshonaji wa yunifomu za shule katika mtaa wa Free Area. Mumewe, Wamalwa, alikuwa fundi wa pampu za visima. Asubuhi ya ajali alimpigia mkewe simu kutoka kiwanja kidogo cha ndege kilicho katikati ya mashamba ya ngano, nje ya Njoro. Simu ilichukua sekunde arobaini. "Mama Jerry, nimepata kiti cha ndege ya Mara leo. Jamaa mmoja ameniachia chake."

Robo saa baadaye ndege ya kampuni ya Kipanga Air iliangukia msitu wa Mau ikawaka moto. Maiti sita, majina sita kwenye orodha. Jina la Wamalwa halikuwemo. La Kahiga lilikuwemo.

Kampuni ilimwambia Nekoye kwamba mumewe hakupanda ndege yao. Labda, walisema, ametorokea Mara na mwanamke mwingine. Tangu siku hiyo Nekoye hana mume, hana kaburi, hana hata cheti cha kifo. Na sheria ya usafiri wa ndege inaipa familia miaka miwili tu ya kwenda kortini. Miaka hiyo inaisha Ijumaa.

Leo ni Jumanne.

"Ndege ilikuwa imejaa," Kahiga alisema. "Bwanako alikuwa aende wiki inayofuata. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la vifaa vyake, akaniuliza kama kuna nafasi."

"Ukampa kiti chako."

"Nikampa. Rubani alikuwa na haraka. Hakuna mtu alibadilisha jina."

Nekoye alijishika mdomo. Kwa miaka miwili watu walimwangalia kama mwanamke aliyeachwa, na yeye mwenyewe, siku nyingine, alikuwa ameanza kuamini. Sasa neno lilikuwa limesemwa. Wamalwa alipanda. Wamalwa hakutoroka.

"Asante," alisema, machozi yakimtoka. "Asante kwa kuniambia. Wewe ulitaka tu kumsaidia..."

"Usiniambie asante!"

Sauti ilikuwa kali mpaka mbwa aliyelala kando ya pipa akainuka.

"Injini ya kushoto ilikuwa inavuja mafuta," Kahiga alisema. "Mimi ndiye fundi. Niliandika kwa kitabu cha ndege: isiruke. Kesho yake ukurasa ulikuwa umeng'olewa. Nikaandika tena, ukang'olewa tena. Bosi akaniambia kama naogopa, basi nipande mimi mwenyewe, niisikilize nikiwa huko juu. Ndio maana jina langu liliandikwa. Asubuhi ile rubani akaiwasha, nikaisikia inavyokohoa. Miguu ikakataa."

Nekoye alikikunja kijitabu mkononi.

"Nikageuka, nikamwona bwanako amesimama hapo. Alikuwa anataka sana kwenda."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukamfungia mkanda?"

Kahiga alifunika uso kwa mikono iliyojaa mafuta ya nyama. "Nilimbebea sanduku lake mpaka ndani."

Nekoye alimpiga kofi moja. Aliinua mkono kumpiga la pili, nguvu zikamwishia, akabaki ameegemea ukuta wa mabati akihema.

"Na kujificha, nani alikutuma?"

"Jioni nilisikia redio ikisoma jina langu. Bosi akapiga simu. Akasema wewe umekufa, kaa hivyo hivyo. Ukijitokeza, ni wewe fundi uliyeachilia ndege mbovu, utaozea jela. Ukinyamaza, mke wako atalipwa na watoto watasoma. Nikanyamaza."

Mlango ulipigwa kwa ngumi.

"Nekoye! Uko huku?"

Kahiga hakusogea. Nekoye mwenyewe alilivuta komeo. Wakili Chelimo aliingia akiwa na simu mkononi, mwanamke mfupi mwenye viatu vilivyojaa vumbi. Alimtazama Kahiga kutoka juu mpaka chini, kisha akasema kwa upole kabisa:

"Habari yako, marehemu."

Hakungoja jibu.

"Nekoye, mambo yameharibika. Nimepigiwa simu sasa hivi. Wangui, mke wa huyu, anaweka sahihi leo, saa tisa, kwa hoteli moja pale mjini."

"Sahihi gani?" Kahiga aliruka kutoka kwenye kreti. "Wangui alilipwa kitambo! Bosi aliniambia alilipwa!"

"Mke wako hajaona hata shilingi. Walikuwa wanangoja wiki hii, achoke kabisa. Karatasi ya leo ni ya kufunga madai. Akishaweka sahihi, kampuni itasema: kiti hicho kilikuwa na mtu wake, mtu huyo akazikwa, familia ikaridhika. Halafu mimi nikifika kortini na Nekoye, wataniuliza huyu wa saba alikalia nini. Bawa?"

"Kwani sheria inasemaje?" Nekoye aliuliza. "Si alipanda?"

"Alipanda. Mtu akipandishwa ndege na wenye ndege, huyo ni abiria, jina liwe limeandikwa au la. Akifa, familia yake ina haki. Lakini lazima nithibitishe kwamba alipanda." Chelimo alimgeukia Kahiga. "Shahidi wangu ni mmoja tu, na anauza mbuzi."

"Nitafungwa," Kahiga alisema.

"Huenda. Sitakudanganya. Lakini ukisema yale ya kurasa kung'olewa, familia zote sita zitajua watu wao walikufa kwa nini. Bila wewe, wataambiwa ni ukungu."

Kahiga alitazama mikono yake. Mbwa alikuwa amerudi kulala.

"Wangui hajui kwamba niko hai."

"Basi atajua saa tisa," alisema Chelimo, akielekea kwenye gari.

Njiani, pale Mbaruk, walikuta malori yamesimama, moja nyuma ya lingine. Saa nane ikapita. Saa nane na robo. Kahiga, ambaye alikuwa ameketi nyuma bado amevaa aproni yenye damu, alishika kishikio cha mlango.

"Nishukishe hapa. Siwezi. Mwambieni mlinikosa."

Nekoye aligeuka kutoka kiti cha mbele. Hakupandisha sauti.

"Shuka. Nitashuka na wewe. Nitalala mahali unalala, nitakula mahali unakula. Nitakufuata mpaka siku utazikwa kweli."

Kahiga aliachilia mlango.

Saa tisa kasoro dakika tano walipanda ngazi za hoteli. Chelimo alimwacha Kahiga kwenye ukumbi wa nje. "Ngoja nikuite," alimwambia. Kisha wanawake wawili wakaingia bila kubisha.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa ya chai, na sahani ya samosa ambazo hakuna mtu aliyekuwa amezigusa. Upande mmoja alikaa Kipngeno, mwakilishi wa Kipanga Air, suti yake imepigwa pasi vizuri. Upande wa pili alikaa Wangui peke yake, ndani ya koti zito la baridi ya Mau Narok, udongo wa viazi bado uko kwenye kucha. Kalamu ilikuwa mkononi mwake.

"Hiki ni kikao cha faragha, wakili," alisema Kipngeno.

Chelimo hakumwangalia, akamgeukia Wangui. "Mama Abby, umesomewa hiyo karatasi?"

"Nimeambiwa ni ya kupokea."

"Ni ya kuacha. Inasema hutadai tena, wewe wala watoto wako, hata ikijulikana kesho kwamba ndege ilikuwa mbovu."

Wangui alimgeukia Kipngeno. "Ni ukweli?"

"Ni lugha ya kawaida tu, mum. Huandikwa hivyo kila mahali."

Nekoye alisogea mbele. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Kikopey yalimpotea yote, yakabaki machache.

"Mama Abby, uliyemzika si Kahiga. Ni Wamalwa. Ni wangu."

Wangui aliinuka polepole.

"Kumbe ni wewe. Yule wa Free Area. Waliniambia utakuja. Waliniambia kuna mwanamke ametorokwa na bwana, sasa anatafuta maiti ya kuiba." Aliibwaga kalamu mezani. "Nenda utafute yako!"

Mlango ulifunguka. Hakuna mtu aliyekuwa amemwita, lakini aliingia.

"Wangui," alisema Kahiga.

Kipngeno aliacha kupumua. Hilo Chelimo aliliona, akaliweka akilini.

Wangui hakupiga mayowe. Hakuanguka. Alimtazama mtu aliyesimama mlangoni: viatu, aproni, damu, mashavu, kovu. Alimtazama kwa muda mrefu, mpaka mlio wa pikipiki huko chini barabarani ukapita na kuisha.

"Umenenepa," alisema.

Kisha akaketi, akachukua kalamu tena.

"Mimi simjui huyu mtu."

"Mmesikia!" Kipngeno alipiga meza. Rangi ilikuwa imemrudia. "Mke mwenyewe hamjui! Huyu ni tapeli mmemwokota huko barabarani. Wakili, hii itakumalizia leseni."

"Wangui, ni mimi..."

"Mume wangu nilimzika," Wangui alisema bila kuinua macho. "Nililala kwa udongo baridi siku tatu wakininyanyua. Mama yake alikataa kula. Alimwita jina kutoka Januari mpaka Machi, halafu akaacha kuita. Tulimzika kando yake. Kama mume wangu angekuwa hai, safari ya saa mbili tu, angekuja kumzika mama yake. Hakukuja. Kwa hivyo simjui."

"Mama?" Kahiga alisema. "Mama amekufa?"

Alishuka chini, magoti kwanza, kisha mikono, akakaa hapo kwenye zulia la hoteli kama mnyama aliyepigwa.

Kipngeno aliisogeza karatasi. "Hapa chini, mum. Na hapa."

Wangui aliweka ncha ya kalamu juu ya mstari.

Chelimo alifungua mdomo kupinga, lakini Nekoye alimshika mkono. Alivuta kiti, akaketi karibu na Wangui, karibu kiasi cha kusikia harufu ya moshi wa kuni kwenye koti lake.

"Sitakuzuia," alisema. "Una watoto. Mimi pia nina mmoja. Niambie kitu kimoja tu, halafu uweke sahihi. Ulimzikaje?"

"Nini?"

"Sikuwepo. Sikujua. Nataka nijue alizikwaje."

Kalamu ilibaki pale pale kwenye mstari. Wangui alimtazama mwanamke huyu, ambaye alikuwa ameambiwa ni mwizi, na hakuona mwizi.

"Kulinyesha," alisema hatimaye. "Gari halingepita, kwa hivyo tulimbeba kwa trela ya trekta. Sanduku lilikuwa jepesi. Walitukataza kufungua. Nilitandika blanketi langu juu yake lisiloane."

"Watu walikuja?"

"Walikuja wengi. Waliimba mpaka kaburi likajaa. Mimi niliimba mpaka sauti ikaenda. Kila Jumapili mimi humpelekea maua ya pareto. Huongea naye. Humwambia mvua imekuwa namna gani, viazi vimetoka namna gani. Hakulala bila mtu, dada. Hiyo nakuambia. Alikuwa na mtu."

Nekoye aliinamisha kichwa mpaka kikagusa meza. Kilio kilichotoka hakikuwa na sauti kubwa. Kilikuwa kimechelewa miaka miwili. Wangui aliitupa kalamu, akamshika mabega, na hao wanawake wawili wakamlilia mtu mmoja, mmoja wao akiwa hajawahi hata kumwona.

Kahiga, pale chini, aliwasikia wote wawili.

"Nitakupeleka umwone," Wangui alisema, akijipangusa kwa mkono wa koti. "Hata leo. Utamkuta mahali pazuri. Anajengewa."

Chelimo, aliyekuwa dirishani, aligeuka. "Anajengewa nini?"

"Kaburi. Kampuni imetoa saruji na vigae. Mafundi wamefika leo asubuhi, nimewaacha huko nikija."

"Leo? Siku hii hii ya sahihi?"

"Ni msaada tu wa kijamii," Kipngeno alisema haraka mno. Alianza kukusanya karatasi zake.

"Mama Abby, nisikilize vizuri." Chelimo alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Kesho asubuhi nilikuwa naenda kortini kuomba ruhusa. Daktari achukue kipande kidogo cha mfupa kutoka kwa hilo kaburi, kilinganishwe na damu ya Jerry, mtoto wa Nekoye. Huyu mumeo anaweza kuitwa mwongo. Mfupa hauwezi. Nani alikuambia uwaruhusu?"

Wangui alimwangalia Kipngeno.

Kipngeno aliangalia mlango. Kati yake na mlango kulikuwa na Kahiga, ambaye sasa alikuwa amesimama.

"Nani ako nyumbani?" Chelimo aliuliza.

"Sue. Dada yake huyu." Ilikuwa mara ya kwanza Wangui kukiri kwamba anamjua Kahiga, na hakugundua. Vidole vilikuwa tayari kwenye simu. Aliiweka katikati ya meza, sauti juu, wote wasikie. Iliita mara moja. Ikaita mara mbili. Ikaita mpaka Nekoye akafikiri haitashikwa.

"Wangui!" Sauti ya Sue ilikuja na upepo mwingi nyuma yake. "Nimekutafuta kwa simu, haupatikani! Hawa watu umeleta ni akina nani?"

"Mafundi. Wa kujenga kaburi. Wamefika wapi?"

"Kujenga?" Sue alikuwa akikimbia, pumzi ilikatika katikati ya neno. "Wangui, hawajengi kitu. Wanafukua. Nimewapigia kelele, mmoja akanionyesha panga. Wamelitoa sanduku, sasa hivi wanalipakia kwa pikapu!"